Krismasi ya familia ugenini: namna ya kuiweka imani katikati

Nyumbani, Krismasi haikukusubiri uiandae. Kwaya ilikuwa mazoezini tangu Novemba, jirani aligonga mlango kuuliza mnatoka saa ngapi kwenda kanisani, na bibi alikuwa ameshamaliza sala zake kabla ninyi hamjaamka. Wewe ulifuata tu. Ugenini watu hao hawapo, na vinavyobaki ni vile vinavyojitokeza vyenyewe hata bila kanisa: chakula, zawadi, televisheni, simu. Familia yenye imani nzuri kabisa inaweza kufika usiku wa tarehe 25 ndipo ikumbuke kwamba siku nzima imepita bila hata sala moja ya pamoja. Hapo usikimbilie kusema wamepoa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na watu wengi haikukabidhiwa mtu, basi haikufanyika.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kugawa kazi: nani afanye nini, na saa ngapi. Unawafaa waliohamia nchi nyingine, waliosafiri likizo, walio kwa ndugu wasio wa imani yao, hata wanaomuuguza mgonjwa katika mji wasioujua. Nimewafikiria zaidi wenye watoto. Mtu mzima anaweza kuishi kwa kumbukumbu za Krismasi za zamani kwa miaka kadhaa. Mtoto aliyehama akiwa na miaka mitatu hana akiba hiyo.

## Hatua ya 1: Kaeni kikao katikati ya Novemba

Kila mtu, mpaka mdogo, ajibu swali moja: ni kitu gani kisipokuwepo utaona Krismasi haijafika? Andikeni majibu yote, hata ya mchezo. Kisha pitieni orodha mkiulizana: hiki kinatuonyesha nini kuhusu kuzaliwa kwa Bwana? Baadhi ya vitu vitaonekana mara moja kuwa ni vya furaha tu, na furaha haina kosa. Vingine vitawashangaza. Mtoto anaweza kutaja kutembea usiku kwenda kanisani akiwa ameshikwa mkono, na hapo ndipo mzazi anatambua kwamba kilichobaki moyoni mwa mtoto ni ile safari, wala si mahubiri.

Chagueni vitu vitatu vya imani. Vitatu tu. Najua mtavutika kuchagua kumi, hasa mwaka wa kwanza ugenini ambapo mtu anataka kuhamisha nyumba nzima, lakini mpango wa vitu kumi hufa wiki ya pili ya Desemba, na ukifa huacha hisia kwamba mmeshindwa. Kila kimoja kipewe mtu mwenye jina. Mfano: ibada ya mkesha, baba anatafuta ratiba na usafiri; pango, yaani mfano mdogo wa mahali alipozaliwa Yesu, wadogo wanalitengeneza; kusoma Injili usiku wa tarehe 24, binti mkubwa anafanya mazoezi ya kusoma kwa sauti. Mtu aliyepewa kazi asisaidiwe mpaka aombe. Mtoto ambaye mama anamnyang'anya mkasi ili "lipendeze" hatalihesabu lile pango kuwa lake.

## Hatua ya 2: Tafuteni kanisa kabla Desemba haijaanza

Hili likichelewa, mengine yote yanayumba. Anzieni tovuti ya jimbo, dayosisi au usharika wa mahali mlipo, halafu pigeni simu au nendeni wenyewe Jumapili moja ya Novemba. Ratiba za kawaida hazifuatwi wiki ya Krismasi, na tovuti nyingi za parokia husahauliwa miezi mingi bila kusahihishwa. Ulizeni mambo haya: ibada za tarehe 24 na 25 ni saa ngapi na kwa lugha gani, kuna ya watoto, inabidi kuandikisha majina au kuwahi nafasi, na jengo ni lile lile au wanahamia ukumbi mkubwa.

Wakatoliki wakumbuke kwamba Noeli ina Misa nne tofauti: ya mkesha, ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Misa ya jioni ya tarehe 24 inatimiza wajibu wa sikukuu, kwa hiyo mwenye watoto wachanga hana haja ya kuwaburuta mpaka saa sita usiku ili aone ametenda haki. Sikukuu ikiangukia Jumamosi, kama itakavyokuwa mwaka 2027, Jumapili inayofuata inabaki na wajibu wake pia. Pangeni safari zenu mkilijua hilo.

Waprotestanti nao wajihadhari na kitu kingine. Katika nchi kadhaa makanisa mengi hufanya ibada kuu jioni ya tarehe 24, na tarehe 25 milango imefungwa. Ukienda asubuhi ukiwa umevaa ukapendeza utakutana na kufuli. Na kama kanisa lililo karibu ni la Kikopti, la Kiethiopia au la Kiorthodoksi la Kirusi, tarehe 25 Desemba wao bado wako kwenye mfungo; Krismasi yao inaangukia tarehe 7 Januari kwa sababu wanafuata kalenda ya zamani. Waarmenia wengi huadhimisha tarehe 6 Januari.

Usafiri usipuuzwe. Katika baadhi ya miji mikubwa treni na mabasi husimama kabisa siku ya Krismasi, na usiku wa mkesha hukoma mapema. Jueni mtakavyorudi kabla ya kujua mtakavyokwenda.

Msipopata ibada kwa lugha yenu, nendeni hiyo hiyo iliyopo. Someni masomo ya siku nyumbani kwanza, ili watoto wayatambue yakisomwa kwa lugha wasiyoizoea. Mtoto akisikia "Bethlehemu" na "Augusto" katikati ya maneno mageni, anajua tuko wapi. Wanandoa wa madhehebu mawili wakubaliane mapema: mkesha kwa mmoja, asubuhi kwa mwingine, au zamu kila mwaka. Ubishi huu ukiachwa mpaka tarehe 24 jioni, atakayeumia ni mtoto aliyevaa viatu akingoja.

Halafu kuna kutazama Misa au ibada ya nyumbani kwa intaneti. Ni faraja, sikatai. Ila isishike nafasi ya kwenda mahali penye watu. Familia inayotazama kanisa la nyumbani kila Krismasi huishia kuwa mgeni wa kudumu katika mji inaoishi, na Januari ikifika haina hata mtu mmoja wa kumsalimia kanisani.

## Hatua ya 3: Anzeni na Majilio, siyo tarehe 24

Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi, huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2026 inaanza tarehe 29 Novemba. Kipindi hiki ndicho rafiki mkubwa wa familia iliyo mbali, kwa sababu kinahitaji meza, dakika kumi na moto kidogo.

Shada la Majilio, yaani duara la mishumaa linalowashwa kipindi hiki, lina historia inayotuhusu. Mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern, mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mbao akalipanga mishumaa, mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za katikati, kwa ajili ya watoto maskini aliokuwa akiwalea katika kituo chake. Walikuwa wakimuuliza kila siku Krismasi itafika lini. Watoto hao nao walikuwa wakingojea sikukuu nje ya nyumba zao.

Lenu liwe na mishumaa minne kwenye sahani pana, na majani yoyote mabichi mtakayopata kuizunguka. Wanaofuata rangi huweka mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu. Wengine huongeza mweupe katikati kwa ajili ya usiku wa Krismasi. Jumapili ya kwanza unawaka mmoja, ya pili miwili, mpaka yote minne. Mkiwasha kila jioni, fanyeni hesabu: mwaka 2026 mshumaa wa kwanza utawaka jioni 26 na wa nne jioni 5 tu, kwa hiyo nunueni wa akiba wa kuchukua nafasi ya ule wa kwanza. Nyumba za kupanga, mabweni na hoteli nyingi hukataza moto na huwa na kengele ya moshi juu ya vichwa vyenu. Hapo tumieni taa ndogo za betri. Hospitali usijaribu moto kabisa, kwa kuwa penye hewa ya oksijeni hata kibiriti ni hatari.

Wengi hupenda mpango wa kusoma Injili ya Luka sura moja kwa siku, kwa sababu ina sura 24 na siku za kuanzia tarehe 1 hadi 24 Desemba zinalingana. Kwa watu wazima ni mpango mzuri. Kwa watoto siupendekezi: tarehe 2 Desemba Yesu ameshazaliwa, na mkesha wenyewe mnasoma habari za ufufuko. Mimi ningewapangia hivi. Wiki ya kwanza ni ya manabii: Isaya 9:1-7, Isaya 11:1-10, Mika 5:2-5. Wiki ya pili, Zakaria na Elisabeti, Luka 1:5-25 na 57-80. Wiki ya tatu, Mariamu: Luka 1:26-56. Wiki ya nne, Yusufu: Mathayo 1:18-25. Kila wiki ina kipande kifupi kinachorudiwa, na marudio hayo ndiyo yanayomfanya mtoto wa miaka mitano aseme mstari bila kufundishwa. Luka sura ya 2 isiguswe mpaka usiku wake.

Muda usizidi dakika kumi. Washa, soma, uliza swali moja, sali, imba ubeti mmoja, zima. Swali liwe la kweli, lile ambalo hata mzazi hana jibu lake tayari: unadhani Zakaria aliishije miezi yote ile bila kusema? Mkikosa jioni mbili kwa sababu ya kazi, endeleeni na ya leo. Kurudia yaliyopita ili kufidia hugeuza Majilio kuwa deni.

## Hatua ya 4: Pango la kutengeneza kwa mikono

Mwaka 1223 huko Greccio, Fransisko wa Asizi alipotaka watu waone kwa macho umaskini wa kuzaliwa kwa Bwana, aliandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa hapo. Familia isiyo na nafasi wala mizigo mingi haihitaji zaidi ya hapo. Sanamu za udongo ni nzito na huvunjika njiani. Msizibebe, labda kama kuna moja yenye historia.

Chukueni sanduku la viatu, mlilaze kwa ubavu, mfuniko uwe paa. Hori ni ile droo ya ndani ya kiberiti: saizi yake inatosha kabisa. Watu ni vibanio vya nguo vya mbao, vimevikwa vipande vya kitambaa na kufungwa uzi kiunoni. Mariamu na Yusufu wapate kitambaa kilichotoka kwenye nguo kuukuu ya mtu wa familia, kanga ya bibi kama ipo. Kondoo ni pamba na njiti. Watoto watataka kondoo wengi kupita kiasi, waacheni.

Hori lianze tupu. Kando yake pawe na bakuli la vipande vyembamba vya karatasi. Kila jioni, aliyetenda jambo jema kwa siri siku ile anaweka kipande kimoja horini kuwa nyasi. Kanuni ni mbili: hakuna kusema ulifanya nini, na wazazi nao wanaweka. Kanuni ya kwanza ina kazi yake. Ikivunjwa, baada ya siku tatu mtakuwa na mashindano ya wema na malalamiko ya nani kadanganya. Mtoto Yesu anakaa kabatini mpaka usiku wa tarehe 24. Mamajusi nao hawako pangoni. Wanawekwa chumba cha mbali, au kwenye dirisha kama mnaishi chumba kimoja, na kuanzia tarehe 25 mtoto mmoja anawasogeza kidogo kila siku ili wafike tarehe 6 Januari.

Mkipenda, ongezeni ramani. Funga uzi kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu, njia ya zaidi ya kilomita 100, kisha mpaka Misri, kisha kurudi Nazareti. Uzi wa rangi nyingine uanzie nyumbani kwenu mpaka mlipo. Msiwaambie watoto kwamba ninyi na Familia Takatifu ni sawasawa. Wao walikimbia upanga, ninyi pengine mlipanda ndege na sanduku la magurudumu. Wacheni waulize wenyewe.

Shuleni watoto watasikia habari za mzee mwenye ndevu na gunia. Badala ya kumpiga vita, wasimulieni Nikolao, askofu wa Mira wa karne ya 4, katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, anayekumbukwa tarehe 6 Desemba. Imetosha.

## Hatua ya 5: Usiku wa tarehe 24 nyumbani

Hata kama mtakwenda kanisani, wekeni ibada fupi ya nyumbani kabla au baada. Hii ndiyo itakayobaki ikiwa mwaka mmoja kanisa litakosekana. Dakika ishirini zinatosha, kwa utaratibu huu:

1. Simu zote kwenye kikapu, taa kubwa zizimwe. Mmoja awashe mishumaa yote minne.
2. Wimbo mmoja wa Krismasi ambao kila mtu anaujua bila kitabu. Wimbo mpya usijaribiwe usiku huu.
3. Luka 2:1-20 kwa sauti kadhaa. Msomaji mkuu anasimulia. Malaika anasoma mstari wa 10 hadi 12. Wote kwa pamoja mstari wa 14. Wachungaji mstari wa 15. Mkiwa na lugha mbili nyumbani, malaika aseme kwa lugha ya mahali mlipo na wengine kwa lugha ya nyumbani.
4. Mdogo kuliko wote analaza mtoto horini. Hakuna kupiga picha kwa wakati huo, mtapiga baadaye.
5. Maombi matatu: waliobaki nyumbani, mkiwataja kwa majina, marehemu wa familia, na mji mnaoishi. Hili la tatu lina agizo lake katika Yeremia 29:7, ambapo watu waliopelekwa uhamishoni Babeli wanaambiwa wautakie amani mji ule na kuuombea.
6. Baba Yetu, kila mmoja kwa lugha aliyofundishwa nayo kusali.
7. Mzazi anaweka mkono juu ya kichwa cha kila mtoto na kusema baraka ya Hesabu 6:24-26: "BWANA akubarikie, na kukulinda..." Mke na mume nao wabarikiane. Wengi huona haya mara ya kwanza.

Wenye watoto wa chini ya miaka mitano wafupishe: wimbo, Luka 2:8-16, kumlaza mtoto, baraka, kitandani. Mtoto akilia katikati, endeleeni tu.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe, na zamu za kazi

Zawadi zifunguliwe baada ya kanisa au baada ya sala. Sababu yangu ni ya kawaida tu: mtoto ambaye ameshafungua gari lake hatasikia neno hata moja la Injili. Ziwe chache. Upweke una tabia ya kutununulisha vitu, na mzazi anayejiona amewanyima watoto babu na bibi hujaribu kulipa kwa maboksi. Fedha ya kutuma nyumbani na sadaka zipangwe mwanzoni mwa Desemba, kabla ya manunuzi mengine, ili zisiwe mabaki.

Chakula sitakisemea. Mtapika mtakachopata; salini kabla ya kula, na mwenye kusali awe amejulikana mapema ili kusiwe na kutazamana.

Wengi ugenini hufanya kazi siku ile: wauguzi, walinzi, madereva, wapishi, wahudumu wa majumbani. Msilichukulie kama msiba. Sikukuu huanza jioni ya siku iliyotangulia, na Kanisa Katoliki huadhimisha Noeli kwa siku nane mfululizo hadi tarehe 1 Januari. Mama akiwa zamu tarehe 25, Krismasi ya familia iwe tarehe 24 jioni au 26, yenye shada, Injili na kila kitu, na watoto waambiwe wazi kwamba hii ndiyo yenyewe, wala si marudio. Aliye zamuni abebe mstari mmoja wa Luka kwenye karatasi mfukoni, na familia iusome wakati ule ule anapousoma yeye. Kanisani waulizeni kama kuna ibada ya mchana au jioni ya tarehe 25 kwa wanaotoka kazini.

## Hatua ya 7: Simu za nyumbani

Bila mpango, simu italia siku nzima na mtakuwa si huku wala kule. Wekeni miadi ya simu mbili. Ya kwanza ni ya kusali, dakika kumi, ikiongozwa na mkubwa wa ukoo: babu, bibi, au shangazi mwenye sauti. Ya pili ni ya maneno, hiyo ichukue hata saa mbili. Andikeni saa za pande zote mbili kwenye karatasi moja. Nchi zinazobadilisha saa kwa majira huwa na tofauti nyingine Desemba kuliko Julai, kwa hiyo msitegemee hesabu ya zamani.

Mitandao huelemewa siku ya Krismasi. Mwanzoni mwa Desemba mwombeni babu ajirekodi akisoma Luka 2:1-20 na kuwatumia sauti. Ihifadhini kwenye simu zaidi ya moja. Mwaka ambao hatakuwepo tena, mtakuwa nayo.

## Hatua ya 8: Huzuni nayo ipewe nafasi

Siku hiyo mtu atalia. Mara nyingi si mtoto. Kuna aliyekosa maziko ya ndugu, kuna ambaye karatasi zake hazimruhusu kusafiri, kuna mume na mke wanaokaa nchi mbili. Kumwambia "furahi, ni Krismasi" ni kumfungia mlango. Zaburi ya 137 inauliza waziwazi, "Tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?" Isomeni wakati wa Majilio, Jumapili moja, na kila anayetaka aseme anachokikosa. Msiharakie kutafuta jibu. Mkishalisema mapema, tarehe 25 halitawavamia mezani.

Dawa nyingine ni mgeni. Alikeni mtu mmoja aliye peke yake: mwanafunzi, mfanyakazi mwenzako, mzee wa ghorofa ya chini. Mwambieni mapema kwamba kutakuwa na sala fupi na usomaji, ili asishtuke, na kwamba hatalazimika kushiriki. Asiyekuwa Mkristo mara nyingi hukaa kwa heshima kuliko wenyewe. Msimfanye awe wa kuhubiriwa. Mpeni kiti na nafasi ya kusimulia kwao.

## Mkiwa chini ya paa la mtu mwingine

Mkikaa kwa ndugu au rafiki asiyesali, ombeni ruhusa siku mlipofika, msisubiri chakula kikiwa mezani. "Tuna kawaida ya kusoma Biblia usiku wa mkesha, tunaweza kutumia sebule dakika ishirini, au tufanye chumbani?" Wengi watakubali, na baadhi watakaa kusikiliza. Wakikataa, chumbani panatosha. Hotelini ni hivyo hivyo: droo ya kiberiti na vibanio vitano vinaenea kwenye mfuko wa koti.

Anayefanya kazi nyumbani kwa mwajiri aombe saa za kanisa wiki kadhaa kabla, kwa maandishi kama inawezekana, na ataje saa kamili ya kutoka na ya kurudi. Katika nchi ambazo ibada ya hadharani ya Kikristo hairuhusiwi, ulizeni kwa utulivu kwa Wakristo wenzenu walioishi hapo muda mrefu, na zingatieni sheria kwa usalama wenu na wao. Sala ya wawili au watatu chumbani haina upungufu.

## Hatua ya 9: Baada ya tarehe 25

Kwa watu wengi ugenini, tarehe 26 ndiyo ngumu kuliko zote. Maduka yameshaanza kushusha mapambo, simu zimenyamaza, na mwili unataka kulala. Lakini kalenda ya Kanisa bado imejaa. Tarehe 26 ni ya Stefano shahidi. Nendeni mkamtembelee mgonjwa au mpeleke chakula kwa asiyefika. Tarehe 28 ni Watoto Mashahidi: someni Mathayo 2:13-18 na muombee watoto waliokimbia vita, mkitaja nchi mnazozijua. Tarehe 1 Januari someni Luka 2:21, mtoto anapopewa jina, na kila mzazi amsimulie mwanawe jinsi alivyopata la kwake. Hiyo huchukua jioni nzima.

Tarehe 6 Januari Mamajusi wanafika pangoni. Someni Mathayo 2:1-12, kisha pitieni nyumba chumba kwa chumba, jikoni na bafuni pia, mkikiombea kila kimoja kwa sentensi moja. Ndipo mapambo yateremshwe. Vibanio na droo ya kiberiti viwekwe pamoja kwenye sanduku lile lile la viatu, na ndani yake karatasi ya mambo matatu mliyoyachagua, ikionyesha lipi lilishika na lipi lilikwama.

Kabla ya kulifunga, andikeni kwenye kalenda Jumapili ya kwanza ya Majilio ijayo: 28 Novemba mwaka 2027, na 3 Desemba mwaka 2028. Huo wa 2028 uwekeeni alama. Jumapili ya nne itaangukia tarehe 24 yenyewe, kwa hiyo mshumaa wa nne utawashwa asubuhi na mkesha utakuwa jioni ile ile. Majilio yatakuwa ya siku 22 tu, na kikao cha Novemba kifanyike wiki moja mapema zaidi.